Pembe Ililia Siku ya Kuondoka

Mpaka leo sijui kama asubuhi ile dada yangu alinipa heshima au alinikwepa. Miaka imepita, na kila nikidhani nimelipata jibu, linanigeukia.

Alikuwa anakwenda chuo Dodoma, kusomea ualimu. Gari la asubuhi lingemshusha Same mjini, na huko angepanda basi. Mama alikuwa amemfungia makande kwenye hotipoti na tangawizi kwenye mfuko, utadhani Dodoma watu hawali. Mimi nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani, kwa sababu niliahidiwa kumsindikiza mpaka stendi. Nilitaka kitu kimoja tu: aseme atanikumbuka. Wiki nzima alikuwa akinielekeza habari za kuku na namna ya kuziba ndiva, lile bwawa letu la udongo linalojaa usiku ili asubuhi watu wamwagilie kwa zamu. Kuhusu mimi, kimya.

Ndipo pembe ikalia.

Kwetu milimani pembe ikilia asubuhi ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu mmoja mwenye jembe, wakazibue mfereji. Nyumba isiyotoa mtu hurukwa zamu ya maji, na tangawizi yetu ilikuwa imeanza kunyauka. Baba hatunaye. Mama kiuno kilikuwa kimemkamata. Siku zote aliyekwenda ni dada. Tulitazamana, nikadhani atacheka. Badala yake akavua viatu, akapandisha sketi yake mpya, akachukua jembe.

"We mtoto, gari litakuacha!" mama akapiga kelele.

"Pembe imelia, mama," akasema, kana kwamba ameulizwa jambo la kipuuzi.

Nilimfuata nimebeba viatu vyake, nimechanganyikiwa kabisa. Huyu anataka kwenda au hataki? Kama hataki, mbona alirukaruka siku aliposikia amechaguliwa? Kama anataka, mbona anachimba tope na mizigo yake imeshapakiwa?

Mzee msimamizi wa mfereji alipomwona alishangaa. "Binti, wewe leo ni msafiri. Nenda zako."

"Shikamoo babu. Namalizia kipande chetu."

"Marahaba. Haya, mambo yako hayo."

Dada hakuwa amefika hata nusu ya kipande. Kule barabarani dereva akaanza kupiga honi. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia dada mbele za watu kwamba ana kiburi, anajifanya mfereji wote ni wake.

"Nikiondoka sasa watasema kwetu hakuna mtu," akajibu bila kuinua kichwa.

"Na mimi je? Mimi siyo mtu?"

Akasimama. Akaniangalia kuanzia gauni mpaka miguu, taratibu, kama anatafuta kitu alichokiweka mahali akasahau. Kisha akanipa jembe. Akachukua viatu mkononi mwangu, akavivaa na tope lake hivyo hivyo, akaondoka mbio. Hakunikumbatia. Hakusema atanikumbuka. Mimi niliyetaka kuhesabiwa nikabaki mferejini na gauni la kanisani, na safari ya stendi ikawa imeniponyoka kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilichimba kwa hasira. Nilisikia gari likinguruma kuteremka, likapotea kwenye kona, nikalisikia tena kwa mbali, kisha sikulisikia tena. Jirani yetu alitaka kunisaidia, nikamkatalia, wala sijui kwa nini. Nilikuwa nimemchukia dada, na papo hapo niliona wivu jembe lile lisishikwe na mtu mwingine.

Tulipomaliza, mzee alipita akikagua vipande na kuuliza kila nyumba ametoka nani, kama ilivyo desturi. Akafika kwangu.

"Hapa amekuja nani?"

Nikataja jina la dada. Lilinitoka lenyewe, maana kwa kipande kile hakukuwahi kuwa na jibu lingine. Watu wakaangua kicheko.

Mzee hakucheka. "Huyo nimesikia gari lake likishuka," akasema. "Nakuuliza aliyechimba."

"Mimi," nikasema, na hapo hapo nikaanza kulia.