Siku Niliyosimulia Filamu Ambayo Haijafika

Wacha nianze na aibu yenyewe, maana nikizunguka sana nitakosa ujasiri wa kuifikia. Niliwahi kusimama mbele ya ukumbi wa video uliojaa watu pale Ruiru, kitambaa cheusi cha matanga bado kichwani, nikawasimulia filamu ambayo hata ilikuwa haijamalizwa kutengenezwa, na nikaikosea yote, ingawa (na hili ndilo lililowavunja watu mbavu) hakuna picha hata moja niliyoikosea.

Mume wangu, Baba Njeri, alikuwa fundi wa kuandika vibao. Miaka ile ya tisini, ukitembea Thika na kuona kichwa cha kijana aliyenyolewa vizuri kwenye ukuta wa kinyozi, au ng'ombe anayecheka juu ya mlango wa bucha (sikuwahi kuelewa ng'ombe anachekea nini mahali kama hapo), mara nyingi huo ulikuwa mkono wake. Kazi ikiisha, na si kabla, aliandika kwenye kona ya chini kwa herufi ndogo: Mwaura, Thika.

Siku moja alipaka rangi lango la shule ambako kulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, jina lake Keiko, na huyo mwalimu akamshukuru kwa kumpa kitabu cha picha cha kwao, kinene kama Biblia. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, kwa hivyo tulitazama picha tu baada ya chakula, yeye akifuata mistari kwa kidole chenye rangi. Kilikuwa kitabu cha msichana mwenye mwili wa chuma, katika mji ambako magari yanapaa. Ukurasa baada ya ukurasa chuma kinamtoka, anapata mkono wa nyama, halafu mguu, halafu uso, na karibu na mwisho baba yake, aliyekuwa amelala amefunikwa shuka hadi usoni, anafunuliwa, anaketi, anakunywa chai na binti yake. Kulikuwa na mambo ya ajabu humo, kwa mfano nyumba zilizokuwa majivu na ukigeuza ukurasa zimesimama tena, lakini Baba Njeri alisema Wajapani wanajenga haraka, nami nikakubali.

Basi Karis, mwenye ule ukumbi wa Ruiru, akaona kwenye gazeti kwamba Marekani wanatengeneza filamu kubwa, ya pesa nyingi mno, kutokana na kitabu cha picha cha Kijapani. Baba Njeri alipoonyeshwa picha ya gazeti alimtambua yule msichana mara moja. Karis alitaka kuwa wa kwanza kuleta kaseti yake, akaagiza ubao mkubwa wa kusimama kando ya barabara, INAKUJA. Mume wangu akachora wasichana wanne kwa mstari, wa kwanza chuma kitupu, wa mwisho nyama kama wewe na mimi. Huyo wa mwisho alikuwa hajapata uso wakati kifua kilipombana. Hakurudi kutoka hospitali.

Baada ya mazishi nilienda Ruiru. Karis alinipa pole, kijana mwenye adabu, lakini akaniambia ukweli kwamba hawezi kusimamisha ubao wenye mtu asiye na uso, ataupaka nyeupe ampe fundi mwingine. Niliangalia ile kona ya chini. Ilikuwa tupu. Kazi ya mwisho ya mume wangu, nayo haikuwa na jina lake. Nikamwomba aniache niumalize mwenyewe.

"Mama Njeri, kwani hiyo hadithi unaijua?" akaniuliza.

"Kitabu nimekisoma chote," nikasema.

Ningesema nimetazama picha, singekuwa na mkasa wa kuwaambia leo. Lakini nilisema nimesoma, na neno likishatoka unalifuata tu linakokwenda.

Nikauchora ule uso kwa brashi zake. Sijui kuchora, kwa hivyo nilimpa msichana macho ya Njeri wetu, ambayo nayajua bila kuangalia, kisha nikaandika kwenye kona, Mwaura, Thika. Nikiwa bado juu ya kiti, wapita njia wakaanza kuuliza huyu ni nani, kwa nini ni wa chuma, nami nikawajibu. Karis akaona watu wanasimama, akaniomba niwasimulie ndani Jumamosi kabla ya filamu ya karate. Mimi, ambaye hata kanisani huomba bila sauti! Lakini nilipofika pale ambapo baba anafunuliwa shuka, nikasikia mtu akipenga kamasi. Jumamosi iliyofuata walikuja hadi akina mama wa sokoni, ambao walikuwa wakisema video ni ya wahuni. Nilivimba kichwa, nisiwafiche. Niliongeza hata wimbo, nikasema msichana huuimba akipata mdomo.

Kumbe Karis naye alikuwa na mipango yake. Alimtafuta Mwalimu Keiko akamwalika kuwa mgeni wa heshima, akaazima kiti cha bucha ya jirani, akakitandika kitambaa, soda ikafunguliwa. Nikasimulia na wimbo wangu wote. Mwalimu alisikiliza kwa makini sana, akitabasamu, halafu akiacha kutabasamu, halafu akitabasamu tena. Nilipomaliza watu wakapiga makofi, na mwanafunzi mmoja wa chuo, anayekodi chumba mtaa wa Kahawa Sukari, akamwomba mwalimu awaonyeshe ukurasa wa kwanza ili wamwone msichana wa chuma kwa macho yao.

Mwalimu akanitazama. Niliona kabisa hataki. Akakipokea kitabu, ambacho nilikuwa nimekuja nacho, kwa mikono miwili, akakigeuza, akakifungua upande ule ambao sisi tunauita mwisho.

"Samahani, Mama," akasema polepole. "Sisi huanzia huku."

Yule mwanafunzi ndiye aliyeanza kupanga mambo kwa sauti, kwamba basi anaanza akiwa msichana mzima, halafu anapoteza mguu, anapoteza mkono, anaishia chuma. Mimi nilikuwa na swali moja tu.

"Na baba yake?"

"Baba anakufa mapema. Pole, Mama."

Mwenye bucha, ambaye kiti kilikuwa chake, akasema kutoka nyuma, "Karis, hiyo filamu ikija tutaitazama tukiwa tumeipa TV mgongo?" Na hapo ukumbi ukapasuka. Wengine wakasema ubao wa nje unasomwa vizuri na wanaotembea kinyumenyume, mmoja akaimba wimbo wangu kutoka mwisho. Nilitaka sakafu inimeze. Halafu nikakumbuka zile nyumba na Baba Njeri akisema kwa uhakika kwamba Wajapani wanajenga haraka, na kicheko kikanitoka, cha kwanza tangu tumzike, nikacheka hadi nikalia, na mama mmoja wa sokoni akanishika mkono bila kuniambia ninyamaze.

Nilipopata sauti nikamuuliza Karis kama sasa ataufuta ubao. Akajikuna kichwa, akasema mgeni mwenyewe ameona umekosewa, sasa afanyeje.

"Ukiufuta," mwenye bucha akasema, "nyama utakuwa unanunua Juja."

Mwalimu Keiko naye akasimama. Alisema hadithi ya kitabu anaijua tangu akiwa mdogo, na ni ya huzuni. "Hii ya Mama na Baba Njeri sijawahi kuiona. Ningependa ibaki."

Ukabaki. Kaseti haikufika, sijui filamu iliishia wapi, na mimi mpaka leo sijaiona. Ubao ulisimama pale hadi jua likala rangi nyekundu yote, na Karis alipofunga ukumbi aliuleta mwenyewe kwa pikapu mpaka kwangu Thika. Sasa ni ukuta wa jikoni kwangu. Moshi umewaharibu wasichana watatu, lakini kona inasomeka. Kila nikiwasha jiko nawashukuru wale watu walionicheka siku ile, maana wangeweza kuninunia, au kunihurumia, na sidhani ningeinuka tena kutoka kwenye msiba ule.

Tangu hapo sijawahi kusema nimesoma kitu nilichokitazama tu, hata karatasi ya dawa, na mtu akinipa kitabu namuuliza kwanza kinaanzia wapi. Kile cha Mwalimu nilijaribu kukifuata mara moja kwa njia yao, iliyo sahihi. Nilifika pale kwenye shuka nikakifunga. Nikikifungua siku hizi naanzia upande wetu, kwenye chuma na majivu, nageuza polepole hadi baba anaketi na chai inamiminwa.