Karatasi Ndani ya Kiti cha Nyuma

Kwamboka hakuwahi kumheshimu mwanamume anayepangusa gari akiwa amevaa glavu nyeupe. Balaa ni kwamba, tangu alipofungua karakana yake ya kushona viti vya magari kwenye safu ya maghala nyuma ya barabara ya Steeles, Toronto, wanaume wa namna hiyo ndio aliowategemea kwa riziki. Walipita hapo na magari ya Kimarekani yaliyotengenezwa kabla wengine wao hawajazaliwa, magari yanayonguruma mpaka vikombe vinatetemeka kwenye rafu, yanayobugia petroli kumpeleka mtu mmoja kununua maziwa. Wakati wa baridi magari hayo hulazwa ndani na kufunikwa blanketi, yasiguswe na chumvi ya barabarani. Kwamboka mwenyewe, mwenye miaka hamsini na miwili na goti bovu, alingoja basi katika chumvi hiyohiyo, na hakuna aliyemfunika kitu.

Ufundi aliupata Kisii mjini, kwenye kibanda cha shangazi yake aliyetengeneza viti vya mabasi na makochi ya walimu. Toronto cheti chake kilitazamwa mbele na nyuma kama noti bandia, kikarudishwa. Akaingia kiwanda cha magodoro. Miaka kumi na tisa alishona pembe nne za godoro, kisha pembe nne za godoro jingine, chini ya msimamizi mwenye umri wa binti yake, aliyekuwa akimpigia makofi aongeze kasi. Mwaka jana alichoka makofi. Akaacha kazi, akakodi chumba kimoja, akanunua cherehani nzito, akaandika jina lake mlangoni kwa herufi kubwa. Hadi theluji ilipoyeyuka alikuwa amepata kazi za vipande vipande tu: kiti cha lori, mto wa boti, sofa moja ya mchungaji. Kama majira ya joto yangepita hivyo, angerudi kwenye pembe za magodoro, na hilo ndilo jambo pekee duniani lililomtia hofu.

Ndipo akaja Daktari Ameer. Alikuwa daktari wa meno huko Thornhill, mzaliwa wa Tanga aliyeondoka akiwa na miaka sita, na Kiswahili chake kilibaki na umri uleule: kilijua kuagiza, kukataza na kuita. Aliingia akibeba kiti cha mbele kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Wewe mama, sikiliza," alisema. "Hii si gari tu. Hii Chevelle ya sabini, ile SS yenyewe, ile ya injini kubwa kuliko zote. Zimebaki chache sana duniani. Unajua hiyo?"

"Najua ni ya kitambo," Kwamboka akamjibu.

"Ya kitambo! Hii ni historia, mama."

Historia hiyo ilikuwa na miaka minne mikononi mwa mafundi. Bodi ilikuwa imekwanguliwa mpaka chuma kitupu, ikachomelewa palipoliwa na kutu, ikapakwa rangi nyekundu tabaka saba. Skrubu zilitafutwa Marekani nzima, maana daktari hakutaka skrubu mpya. Alitaka skrubu kuukuu zilizosafishwa zikaonekana mpya. Kwamboka alisikiliza yote hayo akiwa na pini mdomoni, jambo lililomsaidia kutosema alichokuwa akiwaza.

Kabla ya kuondoka, Ameer aliinua kidole. "Jambo moja. Wale watu wa kiwandani, wakati mwingine waliacha karatasi ndani ya springi za kiti. Imeandikwa gari ilitoka kiwandani na nini na nini. Ukipata, usitupe! Ile ndiyo cheti yake ya kuzaliwa. Mimi sina. Mtu wa Ohio aliyeniuzia hakuwa nayo. Chama chetu cha wenye magari haya kinataka ushahidi."

Kwamboka akakaribia kuzimeza zile pini. Pale mtaa wa Dixon anapoishi kuna ghorofa nzima za watu waliokonda kwa kungoja karatasi za ukaazi, watu wenye watoto na digrii na vidonda vya tumbo, na hapa kuna gari linatafutiwa cheti cha kuzaliwa kwa upole namna hii. Alimwambia daktari kwamba ataangalia.

Viti vya mbele havikuwa na kitu. Cha nyuma ndicho kilichokuwa cha asili kabisa, maana hakuna anayejali kiti cha nyuma. Alipovua kile kitambaa kilichopasuka zilitoka bisi za zamani, pini ya nywele na kiota cha panya, na chini ya kiota, ikiwa imenaswa kwenye waya, karatasi ya kahawia iliyoliwa pembe moja. Ilijaa visanduku vyenye tarakimu. Kwamboka aliilinganisha na namba ya gari ambayo Ameer aliandika kila mahali, hata kwenye mifuko ya boliti. Ilikuwa ileile, namba kwa namba.

Akaipeleka mlango wa pili kwa Cyriaque, fundi wa injini kutoka Bukavu, ambaye ameyafungua magari hayo ya wazimu tangu Kwamboka akiwa bado kwenye magodoro. Cyriaque alivaa miwani, akaifuata mistari kwa kidole cheusi cha mafuta, akaanza kutabasamu.

"Mama Kwamboka, hii gari iko inadanganya watu," alisema. "Angalia hapa. Moteri ya kidogo. Hapa, vitesi, ile munaita gia, ni automatique, mbili tu. Hapa, kiti ya mbele ilikuwa moja, ndefu. Rangi ya dhahabu. Hakuna SS hapa, hata kidogo! Hii ilikuwa gari ya bibi wa kwenda kanisani. Mtu alikuja nyuma, akaweka moteri ya kubwa, akabandika herufi."

Kwamboka alicheka mpaka akakalia roli la sponji. Miaka minne! Skrubu za Marekani nzima! Alicheka kwa furaha mbaya ambayo hakuionea haya hata kidogo, kisha akampigia daktari simu.

Ameer alifika baada ya dakika ishirini, akiwa bado na barakoa shingoni. Inawezekana kuna mtu aliachwa kwenye kiti akiwa amefumbua mdomo. Aliichukua karatasi kwa mikono miwili. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, na rangi ikamtoka usoni. Kwa muda mfupi Kwamboka alimhurumia. Kisha mwanamume huyo akaikunja karatasi ikawa donge, akaitupa kwenye pipa la vipande vya nyuzi.

"Imeliwa na panya," alisema. "Haisomeki."

"Inasomeka, Daktari. Cyriaque ameisoma yote."

"Cyriaque ni nani? Yule wa kubadilisha oili?" Kisha akabadilisha sauti. "Mama Kwamboka." Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake. "Jumamosi ijayo Mwenyekiti Mohamedraza anakuja kwangu na watu wa chama, kutoa hati ya kwamba gari ni halisi. Watakuuliza, kwa sababu wewe ndiye umefungua viti. Sema hukuona kitu. Basi, neno moja tu. Na wale wote wana magari, wote viti vyao vimechakaa. Nitawaambia waje kwako. Utapata kazi mpaka uchoke."

Kwamboka hakusema ndiyo. Hakusema hapana vilevile, na hilo lilimkera wiki nzima.

Daktari alipoondoka, aliitoa karatasi pipani na kuinyoosha kwa pasi ya moto mdogo. Halafu akaanza kufanya mazoezi ya uongo. "Sikuona kitu," alijiambia kwenye cherehani. "Sikuona kitu," kwenye basi. Hata kanisani, mchungaji akiwa katikati ya maombi, maneno hayo yalikuwa yakizunguka kichwani mwake. Alimweleza binti yake Melissa, ambaye ni muuguzi na huelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Melissa alimjibu kwa Kiingereza chake kwamba hao ni matajiri wanaodanganyana juu ya mwanasesere, na mama asipoteze karakana yake kwa ajili yao. Kwamboka hakuona kosa katika maneno hayo.

Kilichomkwaza kilikuwa kitu kidogo cha kazi. Kwenye kibanda cha shangazi yake, fundi hakuwahi kufunga kiti bila kuandika jina lake na tarehe chini ya sponji, mahali ambapo hakuna atakayeona ila fundi mwenzake wa miaka ijayo. Na alichokiacha fundi wa kwanza, awe alikuwa hodari au mlevi, kilirudishwa humo ndani kama kilivyokuwa. Haikuwa dini wala ushirikina. Ilikuwa ni adabu ya kazi, na Ameer aliitupa adabu hiyo kwenye nyuzi chafu bila hata kugeuka.

Basi akaitia karatasi kwenye mfuko wa plastiki na kuifunga palepale kwenye springi. Akaandika kando yake, kwa kalamu nzito: Kwamboka, Toronto, mwezi wa tano. Akaweka sponji, akavuta kitambaa cheusi na kukibana kwa pete za waya moja baada ya nyingine. Mishono ya kile kiti ilinyooka kuliko yoyote aliyowahi kushona maishani, na mwenyewe alilijua hilo. Lakini ya Jumamosi bado hakuwa ameyaamua.

Gereji ya Ameer ilikuwa safi kuliko jikoni kwa Kwamboka. Sakafu ilikuwa na vigae. Katikati lilisimama gari jekundu lenye mistari miwili myeusi, likimulikwa na taa kama bwana harusi, na wanaume saba wakilizunguka na vikombe vya chai. Walizungumza juu ya boliti kwa sauti ambayo watu wengine hutumia msibani. Mmoja alipiga magoti, bila kuijali suruali yake ya bei mbaya, kutazama chini ya bampa, na aliporudi juu macho yalikuwa yamemlowa. Kwamboka alisimama karibu na sinia la sambusa akiwa na kadi thelathini za karakana mkobani, akawadharau mmoja mmoja, kwa zamu.

Ila waliviona viti vyake. Walivipapasa, wakafuata mshono kwa ncha za vidole. Mmoja aliuliza kama anashona na milango. Mwingine alisema gari lake lipo tayari, angelileta hata Jumanne. Kwamboka akaanza kupiga hesabu. Alijiona na cherehani ya pili, labda na msaidizi.

Mwenyekiti Mohamedraza, mzee mpole mwenye kofia, akamgeukia. "Mama, hongera ya kazi. Wewe ndiye uliyefungua viti hivi?"

"Ni mimi, mzee."

"Ulikuta karatasi yoyote ndani?"

Alimtazama Ameer, naye Ameer akatazama sambusa. Neno lilikuwa tayari mdomoni, laini kabisa kwa mazoezi. Angelisema. Baadaye hakujidanganya juu ya hilo: angelisema. Lakini daktari alishindwa kungoja.

"Hakukuta kitu," Ameer akadakia. "Na hata angekuta, huyu angejuaje? Angefungia karanga."

Wanaume wakacheka, si kwa ubaya, kicheko kile cha adabu cha watu wanaokula sambusa za mwenyeji.

"Niliikuta," Kwamboka akasema. "Nikampa Daktari mwenyewe akaisoma mara mbili, akairusha kwa pipa yangu. Nikaitoa. Iko ndani ya kiti cha nyuma, upande wa dereva, mahali nilipoipata, na imeandikwa hii gari ilizaliwa ya dhahabu na injini ndogo. Koleo niko nayo hapa kwa mkoba. Mkitaka nifungue, ni dakika tano."

Hakuna aliyetafuna. Ameer alikuwa mwekundu kama gari lake. Mohamedraza aliweka kikombe chini taratibu, akakitazama kiti cha nyuma, kisha akawatazama wenzake, na wenzake wakatazama vigae. Kwamboka alikwisha kutoa koleo.

"Mshono mzuri namna hii," mzee akasema hatimaye, "itakuwa dhambi kuufumua."

"Dhambi kabisa," akasema mmoja.

"Kwa nini kuharibu kazi ya mtu?" akasema yule aliyelia chini ya bampa.

Wakakubaliana upesi, wote kwa pamoja, kama watu waliopita karibu na shimo. Hati ikawekwa juu ya boneti, na Mohamedraza akatia saini kwamba gari ni halisi. Wakampongeza Ameer kwa kumpa mkono. Wakaanza tena kuzungumza juu ya boliti.

Kwamboka hakuelewa mara moja. Alizitoa kadi zake, akamwendea yule wa Jumanne. Yule bwana akatia mikono yote miwili mifukoni. Alisema viti vyake, akifikiria vizuri, havijachakaa kiasi hicho. Yule wa milango alikumbuka kwamba ana safari. Wa tatu alirudi nyuma hatua moja kabla hata hajaulizwa. Ndipo akaelewa, na akaumia kuliko alivyotarajia kuumizwa na watu wa aina hii. Kila mmoja wao alikuwa na gari lake adimu nyumbani, lenye kiti cha nyuma ambacho hajawahi kukifungua, na hakuwa na haja ya fundi anayesema alichokikuta ndani.

Alijua kwamba karakana imekwenda, lakini hakuwapa faida ya kuliona chozi lake. Alikusanya kadi zake zote thelathini. Aliwatazama kwa utulivu, wanaume wazima saba, wasomi, wenye wajukuu, wanaoogopa viti.

"Haya," akawaambia. "Kaeni juu yake tu."