Makavalye wa Mfalme

Nina tabia ya kufundisha nikiwa peke yangu njiani, na miaka ile ya vita nusura initoe roho. Mchana mmoja nilikuwa natoka mtaa wa Mutanga Nord kurudi nyumbani mtaa wa Gihosha, nikiandaa somo la kesho: wapanda farasi wateule wa wafalme wa Makedonia. Nikafika kwenye kizuizi cha wanajeshi mdomo bado unaenda: "Makavalye wako kuume, mfalme mbele, wanapasua katikati!"

Askari mmoja mwembamba akaninyooshea bunduki. "Nani anapasua nani? Kaa chini!"

Nikakaa kwenye vumbi. Kuna watu waliokalishwa hivyo wasionekane tena.

Mwenzake, mtu mzima kidogo, akasogea. "Makavalye gani? Ya harusi?"

Kwetu Bujumbura kavalye ni kijana aliyevaa tai, anayemshika binti mkono kwenye dansi. Farasi tulimwona kwenye picha tu.

"Apana, shefu. Ni waaskari ya zamani, juu ya farasi. Mi ni mwalimu."

"Basi tufundishe."

Nikapanga mawe: moja mbele, mawili nyuma yake, kisha matatu, hadi yakawa kama ncha ya mkuki. Sauti ikarudi yenyewe. Nikawaeleza kwamba hao walikuwa watoto wa wakubwa, wakila meza moja na mfalme, na vita ikianza wao ndio wanatangulia.

Yule mwembamba akashusha bunduki. "Watoto ya wakubwa? Mbele?"

"Ndiyo, shefu."

"Na mufalme mwenyewe iko wapi?"

Nikagusa jiwe la kwanza.

Wakatazamana, wakaangua kicheko hadi yule mkubwa akashika tumbo. "We mwalimu, muongo sana! Enda kwako."

Sijawahi kufurahi hivyo kuitwa mwongo. Niliinuka nikicheka nao, machozi yananitoka, nikimshukuru Mungu waziwazi bila aibu.

Nilikuwa nimeshapita kizuizi yule mwembamba aliponifuata. Nikainua mikono. Lakini bunduki ilikuwa begani, na alisema chinichini, mwenzake asisikie.

"Mwalimu, hawa wa nyuma ya mufalme. Walirudiaka kwabo?"

Nilijua vitabu vinasema nini: wengi walizikwa ugenini.

"Walirudi," nikamwambia. "Wote."