Tulivyolipoza Gari-Nyumba Mashambani mwa Miwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Usafirishaji alinipeleka nyuma ya karakana, mjini Kakamega, akanionyesha gari ambalo lingekuwa makao yangu. Lilikuwa lori lililojengewa chumba cha mabati mgongoni, chenye vitanda viwili, meza ya kukunja, jiko la mafuta ya taa na kabati la vifaa. Tuliliita gari-nyumba. Ilikuwa miaka ya neema ya sukari, kila boma likitaka kupanda miwa, na kampuni ilitutuma tukae na wakulima wiki kadhaa kila kijiji, tukiwafundisha matumizi ya zana. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kipya, nikiamini kwa dhati kwamba elimu yangu ilikuwa amana ya watu hao.

"Kijana," Afisa alisema, "gari hili lina ugonjwa mmoja. Linachemka. Likichemkia kule Butali, wakulima watasema kampuni imewaletea chai."

Dereva, Mzee Lumbasi, hakucheka. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. "Huyu wa chuo ataniongezea mzigo ama atanipunguzia?"

"Muulize mwenyewe."

"Mimi siulizanga mtu. Nitakiachia kilima kimuulize."

Kwa mzee huyo nilijifunza mengi ambayo chuoni hayakutajwa. Joto lilitushambulia kwa njia mbili, yaani paa na injini. Paa tulilipaka chokaa iliyokorogwa na chumvi kidogo ili isioshwe upesi na mvua ya alasiri. Juu yake tulifunga fito, na juu ya fito tukatandaza majani makavu ya miwa, tukiacha nafasi ya kiganja kimoja ili upepo upite kati ya majani na bati. Madirishani tulitundika magunia yaliyoloweshwa, upande ule upepo unakotokea. Mchana wa kiangazi mtu aliweza kulala humo bila kutokwa na jasho, jambo ambalo wageni hawakuliamini mpaka walipoingia.

Injini ilidai uangalifu zaidi. Mashamba yalipochomwa kabla ya kuvunwa, masizi yaliruka kila mahali na kuziba matundu ya rejeta, lile tangi la mbele linalopoza maji ya injini. Tuliweka wavu wa chujio mbele yake na kuusugua kila jioni kwa brashi ya nyuzi za mgomba. Kilimani tulipanda polepole, tukasimama kileleni injini ikiendelea kunguruma, maana kuizima ghafla ni kuyafungia maji ya moto ndani. Tena Mzee hakutia rejetani maji yoyote isipokuwa ya mvua, aliyoyakinga mwenyewe katika mtungi wa manjano.

"Maji ya kisima yanaachanga magaga ndani," alinieleza. "Umeona sufuria ya mama yako? Sasa fikiria mishipa nyembamba ya hii rejeta."

Mwezi wangu wa tatu, tukiwa Butali, Mzee alienda kumwamkia shemeji yake, akaniachia gari karibu na mizani ya kupimia miwa. Wakata miwa walikuja, weusi kwa masizi, wakaomba maji ya kunywa. Niliwapa mtungi wa manjano wakaumaliza, nami nikaona nimetenda lililo sawa. Hata leo naona hivyo. Kosa lilifuata. Kando ya mizani palikuwa na pipa la maji. Yalikuwa na rangi ya hudhurungi, nikadhani ni kutu, nikaujaza mtungi na kuurudisha mahali pake. Pipa hilo lilikuwa limebeba molasi ya ng'ombe, ule uji mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa. Aliporudi Mzee sikumwambia neno. Niliona aibu kwamba nilikuwa nimegawa maji yake bila ruhusa.

Siku iliyofuata, kilimani, aliumimina mtungi wote rejetani bila kuutazama, kwa kuwa aliuamini. Siku ya tatu mvuke ulitufunika, ukinuka sukari iliyoungua. Tulivutwa kwa trekta hadi Kakamega. Mkuu wa Karakana alipoifungua rejeta alikuta mishipa yote imejaa gundi nyeusi, na kichwa cha injini kimepinda.

"Lumbasi, ulitia nini humu?" Afisa aliuliza.

"Maji ya mvua, bwana. Kama siku zote."

"Mvua ya wapi hiyo inayonyesha molasi?"

Mafundi waliangua kicheko. Mzee aliangalia viatu vyake. Afisa akampa siku tatu ajieleze, la sivyo aondoke kazini na kuiacha nyumba ya kampuni aliyokaa na mkewe, upande wa Shieywe.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na kitambaa mkononi. Nilikuwa katika kipindi cha majaribio, nami nikanyamaza. Nilinyamaza siku ile na siku iliyofuata. Siku ya tatu asubuhi niliingia ofisini kwa Afisa nikamweleza yote.

"Ulichelewa wapi?" aliuliza.

Aliniongezea mwaka mzima wa majaribio na kunipeleka idara ya kuosha rejeta. Mzee Lumbasi alibaki kazini. Tulipokutana langoni aliniambia tu, "Basi twende kazi."

Nimestaafu sasa, na vijana wa ufundi hunitembelea wakitaka kujua habari za chokaa, majani ya miwa na magunia. Nawaeleza kwa furaha, kwa sababu ni njia nzuri na bado zinafaa. Wengine wameisikia habari ya molasi, nao hunisifu kwa kusema kweli. Hapo huwasimulia siku ya kumuaga Mzee Lumbasi kazini. Mkewe, Mama Nafula, alinipakulia obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, kwa mikono yake, akaketi karibu nami.

"Zile siku ulinyamaza," alisema kwa upole, "mimi nilikuwa nafunga vyombo. Niliogopa watatutoa mbele ya majirani. Baadaye nilivifungua. Vikombe vya harusi yangu vilikuwa vimevunjika."

Nilimwomba msamaha. Akaniambia nile, chakula kinapoa.