Panya wa Upande wa Pili

Walimwita Kifundo, na hakuna aliyekumbuka vizuri kama jina lilianzia kwenye nyuzi au kwenye roho. Akifunga uzi, haufunguki. Akikuwekea kinyongo, ndiyo kabisa, utahama wewe kitabaki chenyewe.

Alikuwa mfumaji wa kroshia katika kikundi cha wanawake saba waliopanga chumba cha ghorofani, juu ya duka la ndoo na mabeseni. Humo mlikuwa na meza moja ndefu, madirisha mawili, feni iliyozunguka ikijisikia, na kiti kimoja tu chenye mto. Cha mto kilikuwa cha Mwenyekiti. Huyu alikuwa mama mnene wa sauti na mwembamba wa kazi: alijua kufungua mikutano, kufunga mikutano, na kusimama katikati ikipigwa picha.

Kifundo alijua jambo ambalo wenzake hawakulijua: kubuni kitambaa chenye nyuso mbili. Si kile cha kawaida, mbele maua, nyuma mikia ya nyuzi kama jikoni baada ya wageni kuondoka. Yeye alifuma nyavu mbili kwa pamoja, wa buluu na wa manjano, zimeingiliana tundu kwa tundu, na kila nguzo ya uzi aliiamulia: wewe pita mbele, wewe pita nyuma. Ukitazama huku unaona samaki wa buluu. Ukigeuza, majani ya manjano, na huoni fundo hata la dawa. Alichora kwanza kwenye daftari la miraba: ukurasa wa kushoto wavu wa buluu, wa kulia wavu wa manjano, nukta kwa nguzo ya mbele, mraba mtupu kwa nguzo ya nyuma.

Mwaka uliopita samaki na majani yale yalikwenda kwenye maonyesho. Kifundo hakwenda, alikuwa nyumbani anamuuguza mama yake mguu. Wiki iliyofuata alinunua sabuni, ikaja imefungwa kwenye gazeti, na alipoifungua akakutana na Mwenyekiti anacheka meno yote, amekumbatia kikombe. Chini ya picha iliandikwa: Mbunifu wa kitambaa cha nyuso mbili.

"Mwenyekiti, hii ni nini?" aliuliza kesho yake, gazeti bado linanukia sabuni.

"Mdogo wangu, kikundi ni mwili mmoja. Mkono ukishika, mdomo unashukuru."

"Mbona gazetini mwili wote ni wewe?"

"Usiwe na roho ndogo bwana. Walitaka mtu mmoja, na wewe hukuwepo."

Wale watano wengine waliinamia kulabu zao za kufumia kana kwamba zimeanza kuongea.

Jioni mama yake alimwambia, "Msamehe, mwanangu. Ni mkubwa wako yule."

"Nitamsamehe, mama. Ngoja nimalize kwanza."

"Umalize nini?"

"Kuchora."

Nafasi ilikuja kwa barua. Hospitali ya watoto ilitaka pazia la kutenganisha sebule ya kusubiria na chumba cha sindano: anayesubiri aone uso mmoja, anayetoka analia aone mwingine. Muuguzi mkuu aliandika pia kwamba mbunifu wa pazia, akiwapendeza, atapewa chumba hapo hapo awafundishe kufuma akina mama wanaolala na watoto wao wodini, na jina lake litaandikwa mlangoni. Kifundo aliisoma barua ile mara tatu. Alikitaka chumba kile kama mwenye kiu anavyotaka maji. Ila bahasha iliandikwa kwa Mwenyekiti, kwa sababu gazeti lilishasema lake.

"Mdogo wangu, tuchoree kitu," Mwenyekiti alisema. "Mbele maua. Nyuma weka chochote."

"Nyuma nitaweka kitu kinachokufaa wewe, mkubwa wangu."

"Ndiyo maana nakupenda!"

Kifundo alichora wiki tatu. Maua ya buluu yalimchukua siku nne. Zilizobaki zote zilikwenda kwa panya. Panya mkubwa wa manjano, mnene, ameketi kwenye kiti chenye mto, daftari mdomoni. Kilichomtesa ni mkia. Wavu ukikaa mbele miraba mingi mfululizo bila kupishana na mwenzake, nyavu zinaachana kama wachumba, panabaki mfuko. Mkia mrefu ulionyooka ungetoa mfuko wa kutosha kilo ya mchele. Ikabidi aukunje, aupitishe chini ya kiti, auzungushe mguu wa kiti mara mbili. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi maishani mwake, na hakuona haya hata kidogo.

Kisha akaliacha daftari mezani, wazi, akaenda kununua uzi ambao hakuuhitaji. Aliporudi, Mwenyekiti alikuwa ameshapiga picha kurasa zote. Siku mbili baadaye zilikuja zimechapishwa vizuri, vipande ishirini, na pembeni mwa kila kipande jina la Mwenyekiti.

Wanawake waligawana vipande. Aliyepata sikio alidhani ni jani. Aliyepata mto alidhani ni wingu. Mama Miwani, mzee wao, ndiye aliyeunganisha vyote, na siku moja alinyanyua uso.

"Kifundo, hiki cha pembeni mbona kina sharubu?"

"Unganisha tu, shangazi."

Mama Miwani alitazama kazi, akatazama kile kiti cha mto, akashusha miwani. "Haya. Mimi nimeambiwa niunganishe, sikuambiwa nione."

Mwenyekiti je? Nukta za daftari hakujua kuzisoma. Na kitambaa chenyewe, hakugeuza? Hakugeuza. Kikundini mlikuwa na adabu ya zamani kuliko ile feni: mgongo wa kazi hauonyeshwi mtu. Unakunjwa kwa ndani. Kuomba kuona mgongo wa kitambaa cha mwenzio ni kama kuomba kuchungulia chini ya kitanda chake. Pazia lilikuwa na nyuso mbili, lakini Mwenyekiti alikuwa na mazoea ya uso mmoja. Alipima urefu, akasifu maua, akalikunja mgongo ndani.

Siku ya kulitundika, sebule ya kusubiria ilijaa. Mwenyekiti alisimama mbele ya maua. "Nilikaa," alisema, "nikawaza, nikachora."

Makofi. Kifundo alipiga kuliko wote.

"Sasa tuzunguke," alisema muuguzi mkuu, "tuone wanachoona wanaotoka kudungwa."

Walizunguka. Kisha mtoto wa miaka minne, pamba bado mkononi, machozi bado shavuni, akanyoosha kidole. "Panya! Kaiba daftari!"

Chumba kizima kilicheka. Wanakikundi walitazama panya, wakatazama mto wake, wakamtazama Mwenyekiti, wakaziba midomo. Mwenyekiti aligeuka rangi ambayo haiuzwi dukani. Kifundo alimeza utamu ule polepole.

Haukufika tumboni.

"Mwenyekiti, wewe ni kiboko!" muuguzi mkuu alisema akijifuta macho. "Mtoto kaacha kulia!"

Na Mwenyekiti, Mungu ampe nini tena, akajiweka sawa kitenge. "Nilifikiria watoto," alisema.

Hata panya kaibiwa! Kifundo akakiona chumba, mlango, na jina lisilo lake.

Lakini muuguzi mkuu alikuwa hajamaliza. Alivuta karatasi ya miraba, ile wanayoandikia joto la wagonjwa, akamkabidhi Mwenyekiti pamoja na penseli na kifutio. "Nataka na pazia la wodini. Paka anamfukuza huyu panya. Nichoree kichwa tu, niwaonyeshe wakubwa wangu mchana huu."

Mwenyekiti aliishika penseli kama mtu aliyeshikishwa nyoka. "Mdogo wangu," alinong'ona, "hebu njoo kidogo…"

"Mkono ukishika, mdomo unashukuru," alisema Kifundo, na hakunong'ona. "Shika."

Mwenyekiti akaweka nukta. Akaweka nyingine. Akajaza mstari mzima.

"Hizi ni za buluu au za manjano?" aliuliza muuguzi mkuu.

"Za… zote."

"Mwenyekiti," alisema Mama Miwani kwa upole wa kuua, "ukijaza hivyo nyavu zitaachana. Hapo umetuchorea mfuko, si paka."

Muuguzi mkuu aliitazama karatasi, akawatazama wanawake mmoja mmoja. "Panya huyu alichorwa na nani?"

Mama Miwani alitoa kulabu mfukoni, akaielekeza kwa Kifundo.

Kifundo alichukua penseli, akaketi. Alichora masikio, macho, sharubu, na katikati ya meno ya paka akaweka daftari, limerudishwa. Alihesabu miraba, akakuta mmoja umezidi.

"Mkubwa wangu," alisema bila kuinua uso, "nipe kifutio hicho."

Mwenyekiti akampa.

Jioni mama yake alikuwa mlangoni, mguu juu ya stuli. "Haya, umeshamsamehe sasa?"

"Karibu, mama," alisema Kifundo, akifungua daftari. "Nimebakiza mkia."