Nambari Isiyo na Nane

Mwalimu Muthoki wa Tawa alikuwa na nambari aliyoipenda kama wengine wanavyopenda wimbo: 12,345,679. Tarakimu zake zinafuatana vizuri, ila nane imerukwa. Likizo moja alikaa akiichimba mpaka akajua kwamba, ukiacha moja na yenyewe, hakuna kinachoigawanya bila baki isipokuwa 37 na 333,667. Mumewe alikuwa amefariki na hakuwa na mtu wa kumweleza jambo kama hilo, basi akawaeleza watoto wa darasa la saba.

Watoto waliupenda mchezo wake. Chagua tarakimu, izidishe kwa tisa, kisha jibu hilo ulizidishe kwa ile nambari. Ukichagua tatu unapata 333,333,333, tatu tupu toka mwanzo mpaka mwisho.

Mwaka wa 1974 alikuwa ameshikilia kiti cha mwalimu mkuu tangu aliyekuwa nacho alipohamishiwa Makindu. Shule ilikuwa ya kanisa, na bila neno zuri la wazee wa kanisa asingethibitishwa. Kiti hicho alikitaka sana. Siku ya wazazi akamwita ubaoni Kavata, msichana mwepesi wa hesabu kuliko wote, kisha akamwomba Mzee Mbuvi, mwenyekiti wa kamati na mzee wa kanisa, achague tarakimu.

Mbuvi alichagua sita, akaeleza kwamba Mungu aliumba dunia kwa siku sita. Wazazi wakaitikia amina.

Muthoki alikuwa akitazama nyuso zao, amefurahi, wala Kitabu cha Ufunuo hakikumjia akilini. Kavata alizidisha kwa hamsini na nne, akasogea pembeni ili watu waone: 666,666,666.

"Hiyo ni 666, nambari ya yule mnyama," mama mmoja akasema polepole. "Tena mara tatu."

"Mwalimu, ni nini hii umeandikisha mtoto?" Mbuvi akauliza.

"Ni sita uliyochagua wewe, mzee."

Mtu mmoja huko nyuma alicheka. Pengine bila kicheko kile Mbuvi angesamehe.

Wazee walikutana bila yeye. Walimtumia neno kwamba Jumapili asimame mbele ya kanisa aungame kuwa amewafundisha watoto uganga, la sivyo atafutwe mwingine wa kuongoza shule. Muthoki hakuweza kuiita hesabu uganga. Akatafuta uongo mdogo zaidi. Jumapili alisimama akasema hesabu ile haikuwa sahihi. Mtoto alikosea kuzidisha, naye mwalimu hakuangalia. Wazee wakatazamana, wakaridhika. Kavata alikuwa ameketi na wasichana wenzake, na wakageuka wote kumtazama.

Wiki hiyo hiyo Muthoki alithibitishwa. Mbuvi mwenyewe alikuja kumpa mkono, akamtania kwamba sasa atulie na hesabu za kununua sukari.

Mbuvi alipotoka, Kavata alikuja ofisini na daftari. Alikuwa ameirudia hesabu yote, mstari kwa mstari, kwa mwandiko safi.

"Nimekosea wapi, Mwalimu?"

Muthoki aliipitia mara mbili, ingawa mara moja ingetosha. Mlango ulikuwa wazi, na Mbuvi alikuwa bado uwanjani akiongea na walimu.

"Rudia," akasema.

"Nirudie mpaka nipate ngapi?"

Muthoki alimfungia daftari, akamwambia arudi darasani. Kavata alikwenda. Alikaa darasani kwake mpaka mwisho wa mwaka, na hakuinua mkono tena.