Incoronata Apanga Safari ya Walaji

Tangu shule ya watoto wadogo ifungwe kijijini, Incoronata hakukaa kitini mpaka kikapata joto. Alikuwa mpishi wa shule ile tangu ujana wake. Watoto walipungua mwaka hadi mwaka, hadi waliobaki wakawa wanachukuliwa na basi dogo kwenda kusoma ng'ambo ya mto Biferno, na masufuria yake makubwa yakafungiwa stoo. Akarudi nyumbani kwa mumewe, Pardo, akaanza kuosha vilivyo safi na kupanga vilivyokwisha kupangwa.

"Mke wangu hatulii, kama kuku anayetafuta pa kutagia," Pardo aliwaambia wenzake baa. "Juzi kasogeza kitanda na mimi nimelala juu yake."

Basi Februari, Lucetta, binamu ya Incoronata aliyehamia mjini Torino zamani, alipopiga simu, alimkuta na mwiko mkononi na hana anachokoroga.

"Dada, kwaya yetu inataka wiki nzima ya kula tu," Lucetta alisema. "Wamechoka kwenda kule kila mtu anakokwenda. Nimewaambia waje mkoani kwetu, Molise. Mzee mmoja kanicheka, eti Molise haipo, wachora ramani ndio walioibuni."

"Mwambie aje na njaa yake, atatuona."

"Basi nipangie. Tule wapi, siku gani, nani atupikie. Tunataka kuja Mei."

Kesho yake asubuhi Incoronata alimtoa Pardo kitandani, akampakia kwenye gari, akapanda naye milimani hadi Capracotta, kwa Donato mtengeneza jibini. Donato hakutaka kusikia habari za wageni.

"Mimi nina ng'ombe, mama. Sina hoteli."

Incoronata hakubishana. Alikunja mikono ya sweta, akanawa, akasimama kando yake kwenye beseni la maji ya moto, akaanza kuvuta na kukanda jibini bichi naye. Viganja vilimwiva, lakini hakutoa mkono. Walipomaliza, Donato alifunga mabonge mawili kwa kamba moja, akayaning'iniza kwenye boriti, moja huku na moja kule.

"Haya ni ya wanakwaya wako," alisema. "Na waje kweli."

Mtu mwingine angeshukuru, akaendelea na jambo la pili, na la tatu, akamaliza. Yeye, kila alipopata mahali pazuri alisikia pengine pazuri zaidi. Huko Termoli, pwani, mjane Ersilia alikubali kuwapikia mchuzi wa samaki kwenye mkahawa wake mdogo. Incoronata akatoka pale akiwa na furaha, na kabla ya kufika kwenye gari alikuwa anajiuliza kama samaki waianze wiki au waimalize. Akaambiwa Montenero kuna soseji iliyokaushwa kwa pilipili na mbegu za shamari, ikabidi aende. Huko Montenero akaambiwa mafuta ya zeituni ya kweli yako Larino. Aliondoa siku ya jibini, akairudisha. Akaondoa siku ya mapumziko, kwani wageni wapumzike nini nao wanakula tu?

"Tumbo la mtu ni moja, Coronata," Pardo alisema, mkono juu ya tumbo lake mwenyewe.

Lucetta alipiga simu Machi. "Dada, mpango uko wapi? Watu wanataka kuomba likizo."

"Bado kidogo."

Akapiga tena Aprili. "Bado kidogo, Lucetta. Kuna mama mmoja San Martino, nyama yake ya nguruwe sijaionja bado."

Mama huyo, Mariassunta, aliipaka nyama yake pilipili nyekundu na vitunguu saumu hadi mikono ikawa kama ya mpaka rangi, akaioka tanurini. Incoronata alipewa kipande, akala amesimama mlangoni, ufunguo wa gari mkononi. Ilikuwa tamu mno. Akamwomba awapikie wageni Jumamosi ya kwanza ya Mei, kisha akaondoka na Pardo.

"Unaogopa kumaliza," Pardo alisema njiani.

"Naogopa nini?"

"Mpango ukiisha utarudi kukaa na mimi jikoni."

Incoronata alibadilisha gia kwa nguvu kuliko gari lilivyohitaji.

Wiki ya mwisho ya Aprili Lucetta alipiga tena, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Dada, usinichukie. Wameamua kwenda Toscana. Walishindwa kungoja zaidi, na Toscana kila kitu kiko tayari."

"Sawa," alisema Incoronata. "Si kosa lako."

Alikaa. Alikaa kitini muda mrefu kiasi kwamba Pardo aliogopa, akamletea maji. Aliyanywa, kisha akachukua ufunguo. Watu walimpa neno lao, na habari kama hiyo haipelekwi kwa simu.

Ersilia wa Termoli alicheka tu, akasema samaki aliyebaki baharini hajawahi kuoza. Donato hakucheka. Alipanda ngazi, akayashusha mabonge yake mawili, akamkabidhi.

"Nilikuambia sina hoteli."

"Uliniambia. Nisamehe, Donato."

"Chukua. Yameiva kwa ajili yako, wageni au hakuna wageni."

Incoronata alifika San Martino na Pardo Jumamosi ileile waliyopatana, maana alikuwa ameahirisha kwa aibu mpaka siku yenyewe. Moshi ulikuwa unatoka kwa Mariassunta. Alimweleza palepale uani, bila kuzunguka.

"Nyama iko tanurini tangu asubuhi," Mariassunta alisema. "Sasa ataila nani, mimi na paka?" Akamtazama. "Na wewe, kaa leo. Siku ile ulikula kama mtu anayedaiwa. Pardo, mkalishe mkeo."

Akakaa. Majirani waliitwa, jibini la Donato likakatwa, mvinyo ukatolewa stoo ya chini. Incoronata alikula hadi midomo ikamwaka, machozi yakamtoka, na hakuna aliyemuuliza kama ni ya pilipili. Mguu wake ulikuwa unacheza chini ya meza muda wote. Kabla ya matunda kuletwa alitoka nje, akampigia Lucetta.

"Oktoba, wakati wa zeituni," alisema. "Wakija hata watatu inatosha. Capracotta, Termoli, Larino, San Martino. Basi. Siongezi kitu."

"Unaapa, dada?"

"Naapa."

Jioni, wakirudi, Pardo aligundua wamepita njia panda ya kwao.

"Tunakwenda wapi?"

"Guglionesi. Nimesikia kuna mzee anapika maharage kwenye chungu cha udongo." Aliongeza mwendo kidogo. "Naonja tu."